UZI: Pikipiki ndogo za silinda moja zenye sura ya zamani, na kile hasa kinachowavuta watu kwazo

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Mara kwa mara ninaona humu picha za pikipiki za silinda moja zenye taa ya mviringo, tangi lenye umbo la tone na kiti kirefu, zikifuatwa na swali lile lile: mtu mwenye fedha ya kununua pikipiki ya silinda nne anapata wapi moyo wa kununua chombo chenye nguvu farasi 20, ambacho hakilipiti basi la mikoani kwa raha? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu wanakumbuka ujana wao. Silikubali jibu hilo, kwa sababu wengi wanaozinunua leo huko India, Japani na Ulaya walizaliwa miaka mingi baada ya kutoka kiwandani kwa pikipiki zinazoigwa, na mtu hakumbuki asichokiona. Ninavyoona mimi, mvuto wa pikipiki hizi uko masikioni na mikononi kabla haujafika machoni. Ni mashine ambayo mpandaji anaisikia ikifanya kazi pigo kwa pigo, hata akaielewa bila kuifungua.

Nieleze nilikoyapata haya. Mwaka 2003 nilikwenda kusoma Pune, nchini India, na baada ya mwaka mzima wa kubanana kwenye mabasi nikanunua Royal Enfield Bullet ya cc 350 iliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe watatu. Ilikuwa na injini ya chuma cha kusubu, gia nne zilizobadilishwa kwa mguu wa kulia, na breki ya nyuma iliyokanyagwa kwa mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote nilizozizoea nyumbani. Kuiwasha kulikuwa na adabu yake. Karibu na taa palikuwa na kipimo kidogo cha umeme. Unasukuma kiki polepole hadi mshale wake urudi katikati, unabana kikono cha kuachia mgandamizo, unaisogeza pistoni (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda) ipite kilele chake kidogo tu, unaachia kikono, ndipo unapiga kiki kwa mguu mzima bila pupa. Wiki ya kwanza nilikuwa na pupa. Kiki ilinirudi kisiginoni nikachechemea siku tatu, na kosa lilikuwa langu peke yangu, kwa kuwa mzee aliyeniuzia alinieleza hatua hizo mara mbili nami nikamwitikia tu.

Nilipokwisha kujifunza, nikaanza kuelewa kwa nini Wahindi huita mlio wake "dug dug". Injini ya mipigo minne, yaani ile ambayo pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa kila mwako, huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Bullet ikiwa imesimama na sailensa yake (mzunguko wa injini isipoongezewa mafuta) ni mizunguko 1,000 kwa dakika, inawaka mara 500 kwa dakika, yaani mara nane hivi kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mpiga ngoma hodari, na sikio la binadamu bado linaweza kulitofautisha pigo moja na linalofuata. Chukua sasa injini ya silinda nne inayozunguka mara 10,000 kwa dakika: inawaka mara 333 kwa sekunde, na hapo mapigo yamekwisha kuungana kuwa sauti moja ndefu kama filimbi. Sauti hiyo ina utamu wake, nami sibishani na wanaoipenda. Lakini ndani yake husikii tukio lolote. Unasikia matokeo tu.

Nguvu nazo zinapatikana mahali tofauti. Pikipiki ya mashindano kama Yamaha R6 ilitoa nguvu zake zote ilipokaribia mizunguko 14,500, kasi ambayo mtu anayekwenda kazini hatakutana nayo hata mara moja kwa mwezi. Bullet ya zamani ilikuwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 70 na mwendo wa pistoni wa milimita 90, pamoja na flaiwili nzito, gurudumu la ndani linalotunza mwendo, kwa hiyo ilivuta ikiwa chini kabisa, mahali ambapo injini nyingine ndogo zinaanza kukohoa. Katika mlima wa kupanda kwenda Mahabaleshwar niliiacha gia ya tatu, nikapunguza mafuta mpaka nikawa nasikia kila pigo likirudi kutoka kwenye ukuta wa mwamba, nayo ikaendelea kupanda bila kulalamika. Sijawahi kuwa na haraka katika mlima ule.

Karibuni tujadili. Nitafurahi zaidi kwa wale wasiokubaliana nami.

#2 Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, ila naona umechagua mfano unaokufaa. Bullet uliyoipanda Pune haikuiga zamani, kwa sababu yenyewe ilikuwa ya zamani. Jina hilo limekuwapo tangu mwaka 1932 kule Redditch, Uingereza, na Wahindi walianza kuiunda Madras mwaka 1955, wakaendelea nayo hata baada ya kampuni mama kufa mwaka 1970. Tunachouziwa leo ni jambo jingine. Taa ni ya mviringo lakini ndani yake mna LED, na tangi ni la umbo la tone lakini ndani yake mna pampu ya umeme inayosukuma petroli kwenye sindano ya kuinyunyizia injini. Itazame Yamaha XSR155: sura ni ya miaka ya sabini, ilhali injini inapozwa kwa maji na ndiyo ile ile iliyomo katika R15, pikipiki ya kukimbia. Huko ni kumvika kijana kanzu ya babu yake kisha kumwomba atusimulie habari za vita. Ikiwa mvuto uko masikioni kama unavyodai, kwa nini hizi nazo zinanunuliwa?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, nakubali nusu ya maneno yako, na nusu hiyo ninakubali bila kinyongo. XSR155 ni chombo kizuri kilichovaa nguo za sherehe, na anayeinunua amenunua macho. Wako watu wa namna hiyo nao hawamkosei mtu.

Lakini tazama walichofanya Honda mwaka 2020 walipotoa H'ness CB350 nchini India. Hii ni kampuni ambayo katika miaka ya sitini ilipeleka mashindanoni pikipiki ya cc 250 yenye silinda sita, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hawakujua kutengeneza injini inayozunguka kwa kasi. Pamoja na ujuzi wote huo walikaa mezani wakachora silinda moja yenye kipenyo cha milimita 70 na mwendo wa milimita 90.5. Linganisha na tarakimu za Bullet nilizozitaja hapo juu: tofauti ni nusu milimita. Nguvu yake ya kuvuta, Newton-mita 30, inapatikana kwenye mizunguko 3,000 tu. Mtu hafiki kwenye vipimo hivyo kwa kutafuta sura. Walikuwa wakitafuta pigo.

Royal Enfield wenyewe mwaka huo huo walitoa injini mpya katika Meteor, kisha wakaiweka katika Classic mwaka 2021, Hunter mwaka 2022 na Bullet mwaka 2023. Vipimo vyake ni 72 kwa 85.8, nguvu farasi 20.2, na Newton-mita 27 kwenye mizunguko 4,000. Ndani yake wameongeza mhimili wa kusawazisha, na hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Pistoni moja ikipanda na kushuka haina mwenzake wa kuipinga, hivyo pikipiki nzima inatikisika. Kwenye Bullet yangu nilipopita kilometa 80 kwa saa vioo vya pembeni vilikuwa havionyeshi gari bali ukungu wa rangi, na vidole vyangu vilikufa ganzi kila baada ya nusu saa. Mhimili huo una uzito uliowekwa upande mmoja, nao unazunguka kinyume na krenki, ukivuta pale krenki inaposukuma. Mtikisiko unaoua vidole unapungua sana. Pigo la mwako halipungui, kwa kuwa hilo halitokani na uzito wa pistoni bali na petroli inayolipuka. Kwa maoni yangu huo ndio uigaji wa heshima: wameondoa adha wakaacha tabia.

Tena sindano ya mafuta haiui chochote katika haya. Kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, naipenda, lakini naipenda kama ninavyoupenda moshi wa kuni: nikiwa mgeni kwa jioni moja.

Nikubali pia kwamba kipimo changu cha mwendo mrefu wa pistoni si sheria. Yamaha SR400 inanikanusha. Silinda yake ni kipenyo cha milimita 87 na mwendo wa 67.2 tu, kwa sababu waliichukua SR500 yenye mwendo wa milimita 84 wakaufupisha. Hata hivyo iliundwa kuanzia mwaka 1978 hadi 2021, na katika miaka hiyo yote 43 haikuwekewa stata ya umeme. Ilikuwa kiki tu. Kwenye kichwa cha silinda waliweka kidirisha kidogo cha kioo cha kukuonyesha pistoni ilipo, ili ujue wakati wa kupiga. Hebu fikiria kiwanda ambacho karibu kila pikipiki yake nyingine ya barabarani inawaka kwa kubonyeza kitufe, lakini hii moja wanaiacha iwashwe kwa mguu hadi mwisho, kwa sababu wanunuzi wake walitaka hivyo. Mnunuzi huyo hatafuti urahisi, wala hatafuti kupigwa picha, maana hakuna anayependeza akipiga kiki mara ya saba mbele ya mgahawa.

#4 Mchangiaji wa Mwanza

Wakuu, shikamooni kwa walionizidi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza, na nimeusoma uzi huu wote nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Naomba kuuliza kwa heshima. Pikipiki yangu ina silinda moja. Ina taa ya mviringo, rimu za spoku, kiti kirefu, kabureta na kiki. Kila alichokisifu mleta uzi ninacho, tena nimekipata kwa bei ndogo kuliko hao wa Ulaya. Mbona hakuna anayeipiga picha?

#5 Mleta uzi

Mdogo wangu, marahaba. Swali lako ni zito kuliko yote niliyoyaandika, na sitalijibu kwa mstari mmoja.

Kwanza tujue ulichokalia. Ikiwa pikipiki yako ni mojawapo ya zile za Kichina zenye fito mbili, zinazopita ubavuni mwa silinda, za kusukuma vali (vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi), basi ukoo wake unaanzia kwenye Honda CG125 ya mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na CB125, ambayo kamu yake, mhimili wenye nundu za kufungulia vali, iko juu ya silinda na inazungushwa kwa cheni. Walipoiuza katika nchi zenye joto, vumbi na barabara mbovu waligundua kwamba wanunuzi wake hawaichukulii kama chombo cha matembezi: wanapakia mizigo kupita kiasi, wanachelewesha oili, na cheni ya ndani hawaigusi mpaka ianze kupiga kelele. Kampuni nyingine ingeandika kitabu kirefu zaidi cha maelekezo. Honda waliibadilisha injini. Waliishusha kamu chini karibu na krenki, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, wakatumia nundu moja tu ya kamu kufungua vali zote mbili kwa zamu, na wakaifunika cheni ya nje pande zote ili vumbi lisiiguse. Vipimo vyake vilikuwa 56.5 kwa 49.5. Kwa karatasi uamuzi huo ulikuwa ni kurudi nyuma kiufundi, na ndiyo maana ninauheshimu.

Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa mamilioni, na Wapakistani wanaiunda CG125 hadi leo ikiwa na sura isiyo mbali na ile ya kwanza. Boxer na TVS ni tawi jingine, kamu zao ziko juu na zinazungushwa kwa cheni, lakini wazo la chombo ni lile lile. Kwa hiyo yako haiigi zamani, mdogo wangu. Ni zamani yenyewe, ambayo haikuwahi kuondoka.

Sasa, kwa nini haipigwi picha? Nadhani sababu ni kwamba chombo unachodaiwa hesabu kila jioni hakikuachii nafasi ya kukisikiliza. Mimi niliipanda Bullet mlimani polepole kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisubiri. Wewe ukipanda mlima umebeba abiria na gunia, na akilini una mafuta, hesabu ya tajiri na askari wa barabarani. Injini ile ile inayompa mtu wa Pune burudani ya Jumapili, kwako ni mfanyakazi mwenzako, na ni nadra mtu kumpiga picha mfanyakazi mwenzake. Halafu kuna jambo la dharau, tuliseme tu: tumezoea kukiona kizuri kile kilichoachwa na wenye nacho, na bado hawajakiacha chako kwa muda wa kutosha. Jina tulilowapa wanyama hawa, "pikipiki", ni mlio. Na siamini kwamba jina hilo lingezaliwa kwenye mlio wa silinda nne.

#6 Mchangiaji wa Ujerumani

Habari zenu nyote. Mimi ni mwenyeji wa Tanga ninayeishi Ujerumani, na ninataka kuongeza jambo ambalo kaka mleta uzi amelipita: sheria za leseni. Huku Ulaya leseni ya daraja la A1 inaishia kwenye cc 125 na kilowati 11, basi. Tangu mwisho wa mwaka 2019 Ujerumani iliruhusu mtu mwenye leseni ya gari kwa miaka mitano, aliyefikisha umri wa miaka 25, aendeshe pikipiki za kundi hilo baada ya mafunzo yasiyopungua vipindi tisa vya dakika 90, bila mtihani. Mimi niliingia kwa mlango huo. Katika kundi letu hapakuwa na kijana hata mmoja mwenye ndoto za mashindano. Walikuwapo wauguzi, walimu na bwana mmoja wa benki. Mtu aliyefungiwa kwenye kilowati 11 anajua hatakimbia, kwa hiyo pikipiki iliyovaa mavazi ya kukimbia inamfanya achekwe. Ile ya taa ya mviringo haimuahidi mtu kitu isichoweza kukitimiza.

Yangu ni ya cc 125, rangi ya kijani iliyofifia, na injini yake imetoka China. Siku ya kwanza kazini mwenzangu aliizunguka mara mbili akasema hajawahi kuona pikipiki nzuri namna ile. Nilitamani kumwambia kwamba nikiwa msichana nilipelekwa sokoni Ngamiani kwenye inayofanana nayo, nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa mkaa.

#7 Mleta uzi

Dada yetu, umenifungua macho, na ukishalitazama jambo hili kwa upande wa sheria unaona alama zake kila mahali. Japani leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, ndiyo sababu SR500 ilizaa SR400 ya cc 399. India serikali imechora mstari wa kodi kwenye cc 350. Tangu Septemba 2025 walio chini ya mstari wanatozwa asilimia 18 na walio juu asilimia 40, na hata kabla ya hapo wa juu waliongezewa ushuru wao. Royal Enfield wako kwenye 349, Honda kwenye 348. Triumph Speed 400, inayoundwa na Bajaj nchini India, ilitoka ikiwa na cc 398, na mstari huo ukawapa wenyewe kazi ya kueleza bei. Tunavisifu vipimo hivi kana kwamba viliteremka pamoja na umeme wa radi, kumbe karani wa kodi alikuwapo chumbani.

Hata hivyo sheria inaeleza ukubwa wa injini, haielezi mapenzi. India zipo pikipiki nyingi chini ya cc 350 zinazokimbia kuliko Bullet, zilizo nyepesi na zinazokula mafuta kidogo. Lakini hakuna iliyojengewa hekalu. Katika wilaya ya Pali, Rajasthan, kando ya barabara iendayo Jodhpur, ipo Bullet iliyowekwa nyuma ya kioo, na wasafiri husimama hapo kuomba wafike salama. Mimi si muumini wa jambo hilo. Nalitaja tu kuonyesha mahali ambapo mlio wa silinda moja unaweza kumfikisha mwanadamu.

#8 Mchangiaji wa Arusha

Mleta uzi, tumekuelewa kuhusu mapigo na mahekalu. Sasa tupe ushauri wa mtu mzima: kwa barabara zetu, mtu akiagiza moja ya hizi za cc 350 atajuta au hatajuta?

#9 Mleta uzi

Inategemea anatoka wapi na anakwenda na nani. Nitasema ninayoyajua.

Classic 350 ina uzito wa kilo 195. Aliyezoea bodaboda atauona uzito huo siku ya kwanza atakapotaka kuigeuza kwenye mchanga, au ikimlalia kwenye tope la masika. Ikiwa njia yako ya kila siku ni ya vumbi na mabonde, chukua kitu chepesi na usimsikilize mtu wa jukwaani. Hunter ni kilo 181, inasaidia kidogo.

Kwenye lami mambo ni mazuri mpaka utakapokutana na lori. Injini hizi zinatembea kwa raha kati ya kilometa 70 na 90 kwa saa; juu ya hapo zinakwenda, lakini akiba ya nguvu imekwisha. Kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililobeba mzigo mzito si tatizo, kwa sababu huko chini ndiko kwenye nguvu yake, unaweka gia ya pili na unapanda kama mzee mwenye bakora. Tatizo ni tambarare ya Chalinze, pale lori linapokwenda 75 na wewe unataka kulipita mbele ya basi linalokuja. Pikipiki ya nguvu farasi 20 haikuokoi kwenye uamuzi mbaya. Ukipita, pita ukiwa umeona barabara tupu hadi mwisho wa macho. Kama hujaiona, baki nyuma unuse moshi. Wapo wanaosema upungufu huo ni sehemu ya mvuto wake. Mimi siwezi kuuita mvuto mbele ya basi.

Rimu za spoku na matairi yenye mipira ya ndani vina faida kwetu, kwa kuwa fundi wa pancha yupo kila kijiji naye ana viraka. Hasara yake ni kwamba msumari unakushusha upepo mara moja, haukupi nafasi ya kufika. Vipuri viulize kabla hujaagiza chombo: oili, plagi na cheni utavipata, lakini chujio lake, nyaya zake za klachi na pedi zake za breki viagize seti mbili vije pamoja nacho. Kwa sindano ya mafuta usiogope, ila petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara uiogope sana, maana uchafu ambao kabureta ingeukohoa, pampu na sindano zinaumeza.

#10 Mchangiaji wa Mombasa

Sheikh, na sisi tusio na uwezo wa kuagiza? Kuna kijana hapa kwetu amechukua bodaboda iliyochoka, akaikata fremu nyuma, akaweka kiti kifupi na usukani wa chini, na imetokea ya kupendeza. Wasema je kuhusu mtindo huo?

#11 Mleta uzi

Nausema vyema, kwa masharti. Mtindo wenyewe wa kuvua kila kisichohitajika na kushusha usukani ulitoka kwa vijana wa London katika miaka ya hamsini na sitini, waliokutana kwenye migahawa ya barabarani kama Ace Cafe, nao walivua kwa sababu walitaka kukimbia. Injini ya cc 125 yenye fito za kusukuma vali haitakimbia zaidi kwa kupunguziwa kiti. Kwa hiyo anayeigeuza bodaboda afanye kwa ajili ya macho na masikio, asijidanganye.

Fremu ikatwe na mtu anayejua mahali shokapu zinapofungwa, kwa sababu ukikata mbele ya hapo umekata uti wa mgongo. Ukishakata, lazima kipande cha bomba kilichopindwa kirudi kuunganisha ncha mbili, la sivyo fremu itaanza kupanuka na welding itapasuka taratibu bila kukuaga. Kuhusu bomba la moshi, nawasihi msilitoboe. Watu wengi wanadhani pigo zuri ni pigo kubwa. Ukiondoa kizuia sauti unapata mlipuko mkali unaoyafunika mapigo yenyewe, majirani wanakuchukia, na injini inabaki na nguvu ile ile au pungufu. Mlio mzuri wa silinda moja ni wa chini, mkavu, wenye nafasi kati ya pigo na pigo, na nafasi hiyo inaletwa na sailensa iliyoshushwa vizuri, vali zilizopimwa na plagi safi. Kwenye ukoo wa CG vali zote mbili hupimwa injini ikiwa baridi, nafasi yake ni milimita 0.08. Ni kazi ya robo saa kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) na spana.

#12 Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu, nimerudi. Jana usiku baada ya kukabidhi hesabu sikwenda kulala mara moja. Niliiwasha pikipiki nyuma ya nyumba, nikaishusha sailensa mpaka karibu na kuzima, nikakaa kwenye ndoo nikaisikiliza. Kuyahesabu mapigo nane kwa sekunde sikuweza, ila nilisikia kwamba kila baada ya muda pigo moja linakosekana, kama mtu anayeruka ngazi. Sijawahi kulisikia hilo kwa miaka miwili niliyokuwa nayo. Asubuhi fundi amepima vali, ya kutolea moshi ilikuwa imebana haina nafasi kabisa. Amenitoza shilingi elfu tano.

Mke wangu ameuliza nilikuwa ninafanya nini usiku ule nimekaa kwenye ndoo.

#13 Mleta uzi

Mwambie ulikuwa na mazungumzo. Na baada ya wiki mbili ipime tena, maana vali iliyokaa imebana muda mrefu huenda kiti chake kimeanza kuungua.

#14 Mchangiaji wa Mwanza

Nimeandika tarehe kwenye tangi kwa chaki, mkuu.